Ratiba Tuliyoifumua

Mwanangu Felista,

Najua salamu huwa unaanza wewe, lakini leo ninayeandika ni mimi, kwa hiyo pokea marahaba yangu hata kabla ya shikamoo yako. Huku Kibosho hatujambo. Ukungu umeshuka tangu asubuhi, lango silioni, na bibi yako anakusalimu kwa sauti kubwa kutoka jikoni kwake kana kwamba karatasi ina masikio.

Mwezi uliopita alinijia mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani. Binti yake amepasuliwa mgongo na madaktari wamesema atakaa nyumbani mwaka mzima. Alisimama mlangoni, akakataa hata kuketi, akasema, "Mama Feli, naomba ile ratiba uliyomfundishia mwanao. Niipige tu picha kwa simu, nikamtundikie wangu." Nilicheka hadi akadhani namcheka yeye. Nikamwambia ratiba hiyo haipo, niliikata kwa mkasi, na kipande chake cha mwisho nilikitumia kama patani ya kukatia kola ya mteja. Hakunielewa. Ndipo nikaona nikuandikie wewe niliyekuwa nawe, halafu yeye na wengine kama yeye wasome pembeni. Nilipokuomba ruhusa ulisema, "Andika tu mama, ila usiseme nilikuwa nalia." Samahani mwanangu, nitasema. Lakini nitasema pia kwamba mimi nililia zaidi.

Ulikuwa darasa la tano, mwezi wa kwanza haujaisha, ulipopanda mparachichi wa bibi kufuata parachichi moja ambalo, kwa maelezo yako, lilikuwa linakuangalia. Tawi likakatika, na mfupa wa paja ukakatika pamoja nalo. Wiki sita ulilala hospitalini mjini, mguu umening'inizwa ukivutwa kwa uzito. Baba yako akishuka mlimani na watalii anaowaongoza alikuwa anakuja kwako moja kwa moja, bado ana vumbi la juu kwenye nyusi, na wewe unamwambia ananuka moshi. Ulipotoka ulikuwa na magongo mawili na amri ya daktari: usikanyage njia ya shule mpaka atakaposema mwenyewe. Njia ile unaijua. Inashuka korongoni, inavuka mto kwenye magogo, inapanda upande wa pili, na mvua ikinyesha hata mbuzi wanaikwepa.

Mwalimu mkuu alikuwa muungwana. Alinipa vitabu, akasema, "Mfundishe nyumbani. Novemba aje afanye mtihani na wenzake. Akipita, anaendelea la sita." Mimi nilisikia neno moja tu, akipita. Nilitoka ofisini kwake nimeshakuona umekaa na watoto wa nyuma yako, magoti yamegota chini ya dawati.

Kuna jambo sikuwahi kukueleza vizuri. Mimi niliishia darasa la saba, hilo unalijua. Nilikuwa na akili, nalisema mwenyewe kwa kuwa walimu wangu hawapo kulisema. Nilikaa nyumbani mwaka mmoja kumuuguza mama yangu, na ule mwaka mmoja haukuisha. Kwa hiyo nilipokuona umekaa sebuleni na mguu wako juu ya stuli, wenzako wanapita barabarani na masweta niliyoyarekebisha mimi, sikuona mtoto anayepona. Nilijiona mimi.

Nikanunua karatasi ya manila na kalamu za rangi nne. Unakumbuka nilivyoitandaza kwenye meza ya kukatia, nikapiga mistari kwa rula ndefu na chaki ya fundi kabla ya kuweka wino? Saa moja asubuhi sala na usafi. Saa moja na nusu Hisabati. Kila kipindi dakika arobaini kama shuleni, vipindi vinane mfululizo, halafu mazoezi ya mguu, halafu marudio, halafu kusoma kwa sauti. Uraia niliupa rangi ya kijani peke yake. Kila kipindi kilikuwa na kisanduku cha kuweka vema. Niliitundika chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na simu nikaiwekea mlio wa jogoo uwike kila baada ya dakika arobaini. Jogoo wa bibi akawa anaujibu kutoka bandani. Siku tatu za kwanza hilo lilituchekesha sana.

Wiki ya tatu hakuna aliyekuwa anacheka. Nilikuwa na magauni kumi na moja ya komunyo ya kwanza, kitambaa cheupe, msimu wa matope, nami nafundisha huku miguu iko kwenye pedali. Wewe ulikuwa kwenye sehemu, kugawanya sehemu kwa sehemu. Unaanza kushika, unasema, "Mama subiri, naipata," jogoo anawika, nasema funga hilo, fungua Kiingereza. Kesho yake tunarudi, wote wawili tumesahau tulipoishia, tunaanza upya, jogoo anawika tena. Siku nne mfululizo ulikaribia kuelewa jambo lilelile, na siku zote nne aliyekukatiza ni mimi.

Kisha nikaona daftari. Nilikuwa natandika kitanda chako nikalikuta chini ya godoro, ukurasa mzima wa majibu ya kukosa, na juu ya kila jibu vema kubwa ya kalamu nyekundu. Ulijisahihishia mwenyewe. Ulitaka visanduku vya ukutani vijae ili nisikasirike. Mtu mwenye utulivu angekaa kwenye kile kitanda akajiuliza mtoto wake amefikaje huko. Mimi nilitoka nalo mkononi nikakuita mwongo.

Siku iliyofuata mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, ukakwama kwenye swali la kwanza. Nilisema maneno ambayo nimeyaungama kanisani. "Wenzako watakwenda la sita, wewe utabaki hapa na magongo yako." Ulilia bila sauti, ukipitisha penseli juu ya mstari uleule kwa rula, ukirudia na kurudia mpaka karatasi ikatoboka.

Nikarudi kwenye gauni. Nilishona mkono mzima kwa hasira bila kuinua kichwa, na nilipoinua, kiti chako kilikuwa kitupu. Nje kwenye tope kulikuwa na alama za magongo, vishimo viwili viwili, vikishuka kuelekea mpakani mwa shamba letu. Nilikuwa natafuta kandambili nilipokuona unarudi katikati ya migomba, umelowa, sketi imejaa tope hadi kiunoni. Kumbe ulishaanguka mara moja huko chini. Ukaingia, ukaegemeza magongo ukutani, ukaninyooshea mikono yote miwili. Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni kilikuwa, "Usiguse gauni!"

Ndipo nikaona ulichoshika. Lilikuwa jani la sale, limefungwa fundo.

Kwa watakaosoma na hawatoki huku mlimani: sale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba ya urithi. Mtu akikukosea sana, anakata jani lake, analifunga fundo, analileta. Ukishaletewa huna njia nyingine, unasamehe. Wewe ulikuwa umemwona baba yako mdogo akimletea babu mwaka uliotangulia, baada ya ule ugomvi wao, na ukaona jinsi babu alivyokuwa amenuna miezi sita akaishiwa maneno kwa sababu ya jani moja. Ulilihifadhi kichwani kama dawa ya watu wanaokasirika.

Ukasema, "Mama nisamehe. Ratiba imenishinda."

Mtoto wa miaka kumi na moja, mfupa haujaunga vizuri, ameshuka kwenye utelezi kwa magongo kuja kuniomba radhi kwa sababu mimi nimempangia vipindi vinane. Nililipokea lile jani kwa kuwa halikataliwi. Sikuweza kusema hata neno la kukusamehe, maana hapakuwa na kosa la kusamehe.

Bibi yako alikuwa ameona yote kutoka kwenye banda la ng'ombe. Akaja na mfuko wa nailoni kichwani kujikinga mvua, tayari kugomba kwa nini mgonjwa yuko nje. Alipoliona jani mkononi mwangu akasahau ugomvi wake. Alilitazama, akanitazama mimi, akauliza taratibu, "Mama Feli, mtoto amekuletea sale? Umemfanya nini?"

Felista, nimeulizwa maswali mengi maishani na sijawahi kuulizwa gumu kama lile. Sale haifungwi kwa jambo dogo. Watu wanaleta sale wakiwa wamepigana, wakiwa wamenyang'anyana ardhi. Mkwe wangu amesimama mlangoni anasubiri nimtajie vita iliyotokea kati yangu na mtoto wa darasa la tano, na vita yenyewe imetundikwa ukutani kwa rangi nne.

Nikatoka na mvua ileile mpaka mpakani, nikakata langu. Fundo nililifunga vibaya, mimi fundi wa miaka yote. Nikapiga magoti mbele ya kiti chako nikakupa. Ulinitazama kwa mashaka, ukasema, "Mama, mtu mkubwa hampi mtoto." Bibi akajibu kwa niaba yangu, "Leo anampa. Pokea haraka kabla hajabadili mawazo." Ukacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chako tangu zile siku tatu za jogoo, na hapo nilielewa nilikuwa karibu kupoteza nini. Darasa la sita ningeweza kulipata na nikakukosa wewe, nikabaki na binti anayefaulu na kumficha mama yake kila anapokosea.

Nilikubadilisha nguo, nikakupa maziwa ya moto, nikakuuliza tufanyeje sasa. Uliitazama ile karatasi muda mrefu, halafu ukauliza swali la mtoto wa fundi: "Mama, huwezi kuifumua?"

Neno hilo nalitamka kila siku. Mteja anakuja nguo inambana, anaanza kujilaumu kwamba amenenepa, namwambia acha hayo, hebu vua niifumue. Sijawahi kumwambia mtu akapunguze mbavu ili aingie kwenye gauni langu. Kumbe kwako ndicho nilichokuwa nafanya. Tuliishusha manila, tukaitandaza, nikakupa wewe mkasi mkubwa ambao siku zote nilikuwa nakukataza kuushika. Tukapita kisanduku kwa kisanduku. Nakuuliza, "Hiki tunakishona au tunakifumua?" na wewe unajifanya kufikiri sana kabla ya kukata. Jogoo wa simu ndiye aliyekwenda wa kwanza. Uraia uliukata kwa furaha iliyonitia wasiwasi, lakini nilishapiga magoti, nikakuachia.

Kilichobaki mezani kilikuwa kidogo mno. Asubuhi somo moja tu kwa siku, mpaka uelewe au uchoke, lolote litakalotangulia, na masomo yapokezane siku. Kisha unanisomea huku nashona. Mchana wote uliobaki tuliuacha wazi.

Niliogopa, nisikudanganye. Wiki ile ya kwanza nilikuwa nakwenda jikoni kujifanya naangalia moto, kumbe nahesabu masomo ambayo wenzako wameshatupita. Mara mbili nilishika kalamu nikataka kurudisha kipindi kimoja, kidogo tu, cha dakika ishirini. Lakini ulikuwa umeanza kulala vizuri, na daftari lilikuwa linalala juu ya meza, na makosa yake yote yakionekana.

Kisha sehemu zikakuingia. Nilikuwa napinda gauni, nikakuambia unipimie inchi moja na robo tatu, mara mbili. Ukatulia na futi yangu mkononi, ukahesabu vile vistari kwa kucha, ukasema, "Tatu na nusu." Kisha ukapiga kelele mpaka bibi akatoka nje, "Mama! Kumbe sehemu ndiyo hii!" Tulikaa kwenye futi asubuhi nzima. Uligawanya pindo la gauni la mtoto wa watu kwa robo, kwa nusu robo, ukaliacha limejaa chaki, na gauni likachelewa siku moja. Mama wa yule mtoto alinuna. Mimi nilikuwa na furaha ya ajabu, nikamwomba radhi huku natabasamu, jambo ambalo lilimuudhi zaidi.

Lakini ninachokikumbuka kuliko vyote ni magazeti. Unajua nakatia patani kwa magazeti ya zamani. Vitabu vya kusoma vilipoisha, ukaanza kunisomea patani. Siku moja ulikuwa unasoma mgongo wa shati, habari ya mtu aliyepotelewa na ng'ombe mnadani, ikafika kwenye kwapa na mkasi ulikuwa umeila. Kisha ukaendelea kwa sauti ileile, kama vile imeandikwa, kwamba ng'ombe alirudi nyumbani mwenyewe, akakuta mwenye mali ameshanunua mwingine, wakanuniana wote watatu. Nilicheka nikajichoma sindano. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nakata kwapa pana makusudi. Ulinimalizia habari za mafuriko, za harusi, za mbunge aliyekatwa katikati ya ahadi, na nyingine ulizimaliza vizuri kuliko zilivyotokea.

Kulikuwa na siku ambazo hatukusoma chochote. Siku mfongo, ule mfereji wetu wa maji ya mlimani, ulipoziba, tulishinda tumekaa kwenye jiwe kuangalia wanaume wakizibua ili maji yarudi kwenye migomba, na jioni sikuweza kusema kama hilo lilikuwa Sayansi au uvivu. Siku nyingine nilikuwa na hasira zangu tu. Ulikuwa unanitazama usoni asubuhi, unauliza, "Leo umeamka vizuri?" na nikisema hapana, unachukua kitabu chako unakwenda kwa bibi bila kinyongo. Hata hilo nakushukuru.

Novemba daktari alikuruhusu. Baba yako alikubeba mgongoni kuvuka magogo, wewe unamwelekeza kama dereva, ukafanya mtihani na wenzako. Ulipita. Hukuwa wa kwanza, wala wa kumi. Uraia ulipata alama ambazo tulikubaliana kutozitaja hadharani.

Nakushukuru Felista. Watu wa jumuiya wananisifu kwa uvumilivu wangu wa mwaka ule, na mimi naitikia, sifa nani huzikataa. Lakini nikibaki peke yangu na cherehani nakumbuka kwamba aliyevumilia alikuwa na magongo. Asante kwa kunisamehe mapema, kabla hujajua kuwa wewe ndiye uliyekosewa. Asante kwa kila habari uliyonimalizia. Ule mwaka wangu wa nyumbani, ule wa zamani ambao haukuisha, nahisi uliisha mwaka ule, pale mezani, na wewe.

Na wewe mama mwenzangu uliyekuja kuomba ratiba, kama umefika hapa, usiniombe tena. Chora yako, maana najua utachora tu, hata nikukataze. Ukimwona binti yako ameanza kukuogopa, mpe yeye mkasi.

Sasa nije kwenye Jumapili iliyopita, mwanangu, kwa sababu simu ilikatika kabla sijakujibu.

Huko shuleni kwako mnapewa dakika tano kwenye simu ya matroni, na kawaida yako unaanza na maharage ya bwenini. Safari hii hukutaja maharage. Ulisema, "Mama, nimepata kumi na nane Fizikia." Nikauliza kati ya ngapi, nikiomba Mungu useme ishirini. Ukasema, "Kati ya mia." Nakwambia kweli, yalinijia mdomoni yote, yale maneno ya zamani, ya moto kabisa. Nikayameza. Nikasema, "Pole mama yangu. Mwalimu amesemaje?" Ukajibu, "Ametugawia karatasi jana tu. Sijamwonyesha mtu. Nilitaka nikwambie wewe kwanza."

Hapo simu ikakatika. Nilibaki nimeishika sikioni, na baba yako akaniuliza kuna msiba gani, maana nilikuwa nalia.

Jibu langu ni hili. Nimepokea ripoti zako, nimepokea barua ya kuchaguliwa kwako kidato cha kwanza, nikazionyesha jumuiya nzima. Hakuna nililolipokea kwa shukrani kama hizo kumi na nane.

Kula vizuri, vaa sweta. Na ukikosa tena, nipigie.

Mama yako